Mjeledi Ambao Haukucheka

4 Februari

Kwa mpwa wangu Sindano,

Salamu nakutumia mzigo mzima. Ukizidiwa, wagawie farasi. Mimi mjomba wako ni mzima kama fahali wa maonyesho. Nakula, nalala, na nikipita mtaani wanawake wa rika langu bado wanarekebisha vilemba. Nyumba iko pale pale. Bati la karakana lilianza kuvuja upande wa benchi lako, nikaweka ndoo. Benchi lenyewe sijalisogeza. Paka kazaa watatu, wote sura ya paka dume wa Gundi, na Gundi anaapa kwamba paka wake siku hiyo alikuwa safarini. Gundi hajabadilika. Bado ni fundi viatu wa mlango wa pili, na viatu vyake bado vinashikwa na gundi nusu, dua nusu.

Tuje kwenye shughuli. Kwenye kifurushi utakuta mjeledi mrefu alioutaka bosi wako, ule wa kumzungushia farasi uwanjani. Kanda nane za ngozi moja. Nimezikata nikizunguka, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Nikazipaka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na sabuni, nikazisuka juu ya kiini, nikaubiringisha mjeledi chini ya ubao kwa mguu mpaka ukawa mviringo kama chatu aliyeshiba. Mwambie bosi hivi: mjeledi wetu haupigi, unaongea. Farasi akisikia "ta!" hewani anajua kaitwa. Anayemchapa nao hajui lugha, anatukana tu. Niliwaambia hayo watu wa nchi saba enzi zile natunza farasi wa sarakasi, wakanipigia makofi hata wale ambao hawakuelewa neno. Na elimu yangu unaijua: darasa la nne nilitoka kwa mlango, darasa la tano nikaliona kwa dirisha.

Hatamu usizitundike kwenye msumari. Msumari unaivunja ngozi shingo. Tafuta kopo la duara, ligongomee ukutani, hatamu ilale juu yake kama mtoto begani. Najua unajua. Nasema ili mdomo usishike kutu.

Ukiona mwandiko umekuwa mkubwa, usishangae. Kalamu za siku hizi zinateleza.

Ni mimi mjomba wako, ambaye hana wa pili, na wa kwanza ni yeye mwenyewe.


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo. Farasi nao hawajambo, isipokuwa yule jike mweupe anayeuma vifungo vya mashati. Wiki hii kala viwili vya bosi. Msalimie Gundi, mwambie asiwakatae wajukuu. Huku baridi imeanza kupungua. Chumba changu, kama nilivyokwambia, kipo juu ya chumba cha matandiko, na harufu ya ngozi inapanda ngazi yenyewe. Asubuhi kabla sijafumbua macho huwa nadhani niko karakana. Nasubiri ukohoe. Hukohoi, nafumbua macho.

Mjeledi umefika. Niliupitisha kati ya vidole kuanzia kwenye mpini, na shubiri tatu hivi kutoka kitanzi cha mkononi nikakuta umelegea, upana wa ukucha tu, halafu unakaza tena. Nikacheka peke yangu mpaka saisi mpya, mtunza farasi, akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Hapa ndipo mjomba wangu alipocheka." Akaniangalia kama mtu aliyepigwa teke. Nani atamweleza kwamba wewe husuki bila kusimulia, na ukifika penye kichekesho mikono inalegea? Unamkumbuka yule mwanajeshi mstaafu? Mjeledi wake ulikuwa na vicheko vinne. Aliurudisha akisema una kasoro, nawe ukamwambia mwenye kasoro ni yule aliyekuja kununua akiwa amenuna.

Sasa niambie, safari hii kichekesho kilikuwa kipi?

Huyo saisi mpya ni mwanaume mzima mwenye ndevu, anajua sana kuwapiga farasi brashi, ila ngozi haijui. Wiki iliyopita alizilovya hatamu sita kwenye mafuta zikawa kama mkate uliosahaulika kwenye chai. Alidhani ananisaidia. Nilikaa siku mbili nazikamua kwa matambara, na uzi wa mishono miwili ulikuwa umeanza kuoza, ikabidi nishone upya. Nikamwambia maneno yako: ngozi haitaki kulewa, inataka kulainishwa koo tu.

Kuna jambo moja. Miaka yangu miwili inaisha mwanzoni mwa Agosti. Bosi ana karatasi ya mkataba mwingine, wa miaka mitatu. Anataka nikisimamie chumba chote cha matandiko, niwe na funguo. Kasema nifikirie.

Nimjibuje, mjomba? Nakuuliza wewe.

Mpwa wako,
Sindano


6 Aprili

Kwa Sindano, mpwa wa mtu mashuhuri,

Kwanza usihesabu siku. Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza paka aliilalia, ya pili ilikuwa na uongo mwingi hata kwa mtu kama mimi, hii ndiyo imefaulu mtihani. Hatujambo wote. Ndoo ya kwenye benchi lako naimwaga kila mvua ikikatika. Mama wa kuuza mkaa anakusalimia. Anasema tangu uondoke hakuna wa kumwambia ukweli kuhusu mizani yake.

Kichekesho ulichokiuliza ni hiki. Bwana mmoja kaleta kiatu kwa Gundi, soli imebanduka siku ya pili. Gundi kakipokea, kakigeuza, kavuta miwani mpaka puani, uso mkavu kama kuni.

"Ulikivaa?"

"Nilikivaa, ndiyo."

"Ukatembea nacho?"

"Nilitembea nacho, sasa ningekibeba?"

"Basi hapo ndipo ulipokosea."

Mimi nilikuwa dirishani nimeshika kanda nane. Ningekazaje?

Kuhusu karatasi ya bosi wako. Msimamizi! Mwenye funguo! Mtaa mzima nimeshautangazia, na wale wasiosikia vizuri nimewarudia. Mwenye akili hukaa palipo na kazi. Huku mteja wa mijeledi ni mmoja kwa mwezi, na huyo mmoja kapotea njia, alikuwa anatafuta viatu. Siku hizi wapanda farasi wanataka vijiti vyenye mto mwishoni. Mto! Mtu anamlaza farasi au anamkimbiza? Kwa hiyo mimi sina neno. Unanijua, si mtu wa kushika watu shati.

Benchi lako nimelifuta. Hakuna sababu, vumbi tu lilikuwepo.

Kifurushi hiki kina mjeledi wa pili, mfupi kuliko wa kwanza, kanda kumi na mbili. Mwoneshe bosi. Kazi safi, haina hata unywele wa kasoro.

Ni mimi, niliyeona dunia na dunia ikanitambua.


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mjeledi wa pili umefika. Bosi kautundika ofisini kwake, ukutani, mahali palipokuwa na picha ya baba yake. Anasema hajawahi kuona msuko ulionyooka hivyo. Wageni wakija anauonesha.

Mimi kabla sijampa niliupitisha vidoleni mara tatu, kutoka mpini hadi kwenye ulimi, ile ncha inayolia. Nikafumba macho, nikaupitisha tena.

Haukucheka.

Hakuna mahali hata pamoja ulipolegea. Umekaza sawasawa mwanzo mwisho kama mshono wa sare ya askari. Na kile kitanzi cha mkononi kimeshonwa kwa sindano mbili zinazopishana. Wewe hushoni hivyo. Hivyo ndivyo wanavyoshona soli.

Gundi ndiye aliyesuka. Usikatae, nitajua.

Na si kusuka kwa Gundi kunakonitisha. Kama Gundi alisuka, wewe ulikuwa umekaa hapo hapo unamwelekeza, maana yeye hajui hata ukanda upi unatangulia. Na kama ulikuwa umekaa hapo, ungesimulia. Na kama ungesimulia, Gundi angecheka, na mikono yake ingelegea kama ya kila mtu. Kwa hiyo ulikaa mjeledi mzima hukusimulia. Siku ngapi hizo, mjomba? Tatu? Nne? Wewe?

Una nini?

Usiniandikie habari za paka.

Sindano


2 Juni

Kwa mpwa wangu, hakimu wa mahakama kuu,

Paka hawajambo. Nimeandika ili yaishe.

Haya, umenishika, na ulivyonishika sina pa kutokea. Ilianza Desemba. Niliamka asubuhi, vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, vimegoma. Maumivu hakuna. Ni kama wapangaji walionuniana na mwenye nyumba: wapo, nawaona, hawaitiki. Daktari kanigonga kiwiko kwa kinyundo, kanifinya, kaniuliza kazi gani, nikamwambia miaka arobaini ya kuvuta kanda. Kasema ni mishipa ya fahamu, imebanwa na hiyo hiyo miaka arobaini. Huenda vikarudi, huenda visirudi. Nikamwambia daktari wa farasi angenipa jibu moja.

Mjeledi wa kwanza ni wangu. Kazi ya siku tatu niliifanya wiki tano, nikizishika kanda kwa meno. Wa pili sikuweza. Nilisuka shubiri moja, nikafumua, nikasuka, nikafumua.

Basi nikaenda kwa Gundi. Mimi! Mtu ambaye nimemtania miaka ishirini, nimewaambia wateja wake waende na kamba ya akiba! Nikasimama mlangoni nikajifanya naulizia nyuzi. Akauangalia mkono wangu, akaangalia uso. Nilimsubiri anicheke. Angenicheka ingekuwa nafuu. Akasema tu, "Kalete ngozi."

Alikuja jioni nne, akishafunga kwake. Nikakaa kwenye benchi lako, namwelekeza: huu juu, huu chini, rudi. Nikaanza kumsimulia, akasema, "Kaka, nahesabu." Nikanyamaza. Mtu mwenyewe anasuka kama anapokea mtoto mchanga, ulimi kautoa nje kwa umakini. Nilinyamaza jioni nne, mwanangu. Tangu mama aliponizaa sijawahi. Ukutani kulikuwa na saa na sikujua kwamba ina sauti.

Kosa langu nimeliona sasa. Nilitaka upate kazi safi ulale usingizi. Ningemwambia Gundi aharibu mahali pamoja, ungenicheka na mambo yangekwisha. Wizi nao unataka shule.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nimebaki na vinane, chawa wajihadhari.

Sasa nisikilize vizuri. Usije ukafunga mizigo kwa ajili ya vidole viwili. Sitaki nesi. Sitaki mtu wa kunifungia vifungo na kunitazama kwa jicho la huruma. Nikikuona mlangoni kwa sababu hiyo, naapa nakufungia nje na funguo namkabidhi Gundi.

Mjomba wako, vipande kumi kasoro viwili.


23 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua nimeipata nikiwa naosha lijamu, zile za chuma za mdomoni, na unajua mate ya farasi yakikauka. Niliisoma na mikono yenye povu. Ukiona hii yangu ina doa hapa, ni sabuni.

Pole kwa vidole. Mpe Gundi pole pia, kwa kukaa na wewe umenyamaza. Na umpe shukrani. Nitakapopata maneno mazuri zaidi nitamwandikia mwenyewe.

Nimezitoa barua zako zote kwenye mkoba, tangu nilipofika. Ziko ishirini na sita. Jumapili hapa hakuna wapandaji, farasi wako malishoni, nabaki mimi na matandiko. Nikakaa kwenye kigoda nikazisoma moja moja, natafuta mahali uliposema unataka nini. Nimekuta paka, mizani ya mkaa, bati, nchi saba. Nimekuta nisirudi kwa ajili ya vidole. Nimekuta mwenye akili hukaa palipo na kazi. Unachotaka wewe, hakuna.

Mama alipofariki na nikaletwa kwako na mfuko wa nguo, hukuniambia kaa. Ulinionesha benchi, ukanipa kanda nne, ukaanza hadithi ya ngamia. Nilielewa. Nilikuwa na miaka tisa, nilielewa. Lakini sasa nina thelathini na moja, mjomba, na benchi halionekani kutoka huku.

Hapa kila hatamu ina namba na kigingi chake. Namba nimeziandika mimi, kwa rangi nyeupe, na kila jioni nazipitia kuhakikisha hakuna kilichokosekana. Bosi ananiheshimu. Kazi naipenda, sikudanganyi. Nikifunga mlango napanda ngazi kumi na nne, nakaa kitandani, na kama kuna jambo la kuchekesha limetokea mchana nalisema kwa sauti, kidogo, kuona kama bado linachekesha.

Sitaki kurudi kama kifurushi ambacho posta haikumkuta mwenyewe. Sitaki kurudi kukuuguza kama hutaki kuuguzwa. Lakini pia sitaki kukaa kwa sababu hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Bosi anataka karatasi yake tarehe thelathini Julai. Nisiposikia neno lingine kutoka kwako, nitaijaza. Miaka mitatu.

Neno lako, mjomba. Si la mtaa.

Sindano


11 Julai

Mpwa wangu,

Siku ile nakusindikiza stendi nilisema mbele za watu kwamba mimi simwiti mtu, na kwamba siku nikikuita ujue akili imeniruka. Nilikuwa najigamba. Basi lilipoondoka nilirudi karakana nikasimama katikati mpaka jioni, sikumbuki nilitaka kufanya nini.

Si vidole. Hata vikipona leo, neno ni hili hili.

Nyumba haina mtu wa kumwambia kitu.

Rudi.

Mjomba wako


14 Julai

Kwa Sindano, msimamizi mtarajiwa, mwenye funguo,

Salamu zangu zinakuja kwa mkono wa dereva wa lori la nyasi kavu anayeshusha huko kwenu. Mtu mwaminifu, ingawa anaimba vibaya. Kama anaimba usimpe chai mpaka aache. Nimempa yeye kwa sababu anafika haraka kuliko posta, na nataka hii ifike kabla.

Kuna barua nyingine. Niliitia kwenye sanduku la posta tarehe kumi na moja. Ikifika, usiifungue. Usiichungulie kwenye mwanga. Itie motoni.

Nilikwenda kuirudisha. Mama wa dirishani kaniambia barua ikishaingia kwenye sanduku ni mali ya anayeandikiwa. Nikamwambia, dada yangu, ni mwandiko wangu, karatasi yangu, mate yangu kwenye bahasha. Kanijibu, "Hata mimi nilizaliwa kwa baba yangu, lakini sasa niko kwa mume wangu." Watu foleni nzima wakacheka. Mimi, ninayejibu watu wa nchi saba, nikanunua stempu moja ya kuficha aibu, nikaondoka.

Niliiandika nikiwa na homa. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa, barua yako iko mezani, nikashika kalamu kabla sijanywa chai. Mtu asishike kalamu kabla ya chai, hilo walinifundisha darasa la nne na nikalisahau. Ina makosa ya herufi na upuuzi mtupu. Ukiisoma utadhani umeandikiwa na mtu mwingine.

Mimi ni mzima. Watu wa kuongea nao ninao tele, mpaka nawakimbia. Gundi anakuja kila jioni. Tuna oda ya hatamu mbili za mwenye mkokoteni, mimi nakata, yeye anashona. Jana alijisahau akacheka akiwa na sindano mkononi, akashona mkono wa shati lake kwenye hatamu. Tulimnasua kwa mkasi. Kwa hiyo unaona maisha yanakwenda.

Ijaze karatasi ya watu. Una heshima huko, umeipata kwa mikono yako, na mikono hiyo niliifundisha mimi, kwa hiyo nusu ya cheo ni yangu na nusu yangu inataka ukae. Ukishakuwa msimamizi usiwe mkali kwa yule mwenye ndevu. Mtu anayelovya hatamu kwenye mafuta ana mapenzi, hana kipimo tu. Na matandiko yakae mbali na jiko kipindi cha baridi. Ngozi ikikaushwa kwa moto inapasuka kwa ndani, huioni mpaka siku mtu anaanguka.

Narudia: ile barua, motoni.

Ni mimi mjomba wako, mwenye afya, mwenye marafiki, asiye na neno.


30 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo. Huku mvua imenyesha siku tatu na jike mweupe kala kifungo cha dereva wako wa lori. Ni kweli anaimba vibaya. Chai nilimpa, na barua hii inakuja kwa mkono wake.

Barua aliyoileta ilifika kwanza, kama ulivyopanga. Ya posta imefika juzi. Mwenye baiskeli ya posta aliniita kwa jina la kwenye bahasha, nikaenda, nikaipokea, nikakaa nayo kwenye kigoda.

Sikuifungua. Umenikataza, na mimi nimelelewa. Motoni sikuitia, yule mama wa dirishani kasema ni mali yangu, na nadhani yuko sahihi.

Lakini hukunikataza kuishika. Nimeipima mkononi. Ni nyepesi. Nimeipapasa nyuma ya bahasha, maana kalamu yako inachimba karatasi kama jembe, ukipitisha kidole unahesabu mistari. Ni michache. Ipo juu, halafu chini kuna neno moja limekaa peke yake, fupi, umelikandamiza mpaka limetokeza upande wa pili. Chini ya hapo ni sahihi tu.

Mjomba, wewe hujawahi kuniandikia barua fupi. Bomba la uani lilipopasuka uliniandikia kurasa nne, na bomba lenyewe likaingia kwenye ukurasa wa tatu.

Nimepitisha kidole kwenye neno hilo mpaka saisi mwenye ndevu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi mbona unalia?" Nikamwambia ndivyo tunavyosoma kwetu.

Nadhani nalijua. Lakini kulijua kwa kidole na kuambiwa si kitu kimoja, na miaka ishirini na miwili nimekuwa najua kwa kidole. Kwa hiyo naondoka tarehe nne Agosti na nakuja nayo ikiwa imefungwa hivi hivi. Utaifungua wewe, kwa vidole vyovyote vilivyo tayari kufanya kazi siku hiyo, na utanisomea kwa sauti. Ukitaka kubadilisha maneno, utayabadilisha huku nakutazama. Ukitaka kuanza na hadithi, anza. Sina haraka. Ila ufike pale chini.

Matandiko yote nimeyakabidhi. Nimepaka mafuta mara ya mwisho, kidogo, nikafuta, nikavikagua vigingi kuanzia namba moja hadi arobaini.

Bosi aliitaka karatasi yake leo mchana. Nilimrudishia tupu kama alivyonipa. Aliigeuza nyuma na mbele, akadhani nimekosea. Akaniuliza, "Kuna mahali wamekupa cheo kikubwa zaidi?"

Nikamwambia hapana, nina barua ambayo bado sijasomewa.

Mpwa wako,
Sindano